Mkebe Juu ya Kabati

(Mazungumzo ya redio, kipindi cha ibada ya asubuhi)

Somo: Yoshua 4:1-9

  Mimi nazungumza nanyi kutoka hapa Kakamega, ambako mvua ya jana usiku imetuachia matope barabarani na mawingu mazito juu ya msitu. Tunamshukuru Mungu kwa mvua.

Kama unayo Biblia karibu nawe, fungua kitabu cha Yoshua, sura ya nne. Waisraeli wamekwisha kuvuka mto Yordani. Maji yamesimama, watu wamepita pakavu, na kila mtu bila shaka anataka kwenda mbele aione nchi mpya. Lakini Bwana anawasimamisha kidogo. Anamwagiza Yoshua achague watu kumi na wawili, mmoja katika kila kabila, warudi katikati ya mto, pale ilipokuwa miguu ya makuhani, na kila mmoja achukue jiwe begani mwake. Mawe hayo wayaweke mahali watakapolala. Na sababu yake ni nini? Ni kwamba siku moja watoto watauliza habari za mawe hayo, nao wazazi watawajibu.

Sikiliza vizuri, ndugu yangu. Bwana hakusema kwamba mawe yatajibu. Jiwe halina ulimi. Jiwe kazi yake ni kumfanya mtoto aulize. Kujibu ni kazi ya mzazi. Neno hilo nalisoma tangu ujana wangu, na nimelihubiri mara nyingi, lakini kulielewa nimelielewa juzijuzi tu, tena kwa aibu. Nataka niwaambie jinsi ilivyokuwa.

Mwaka 2011 kanisa letu lilipokea kifurushi kutoka Marekani. Kilitumwa na watoto wa mmisionari mmoja aliyefanya kazi huku kwetu miaka ya sitini. Baba yao alikuwa amefariki, na walipokuwa wakiondoa vitu katika nyumba yake walikuta mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe riili tano ndogo za filamu. Kila riili ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Ya kwanza, kuchimba msingi. Ya pili, wanawake na mawe. Ya tatu, kuezeka mabati. Ya nne, kwaya. Na ya tano, siku ya kuweka kanisa wakfu, mwaka 1967. Kanisa lenyewe ndilo hilo ninalohudumu mimi. Wale watoto waliandika barua fupi wakisema kwamba picha hizi ni zetu kuliko zao.

Je, mimi nilifanya nini? Niliwaandikia barua ya shukrani. Nikawaonyesha wazee wa kanisa ule mkebe, tukamsifu Mungu. Projekta ya kuziendesha hatukuwa nayo. Basi nikaufunga mkebe vizuri, nikauzungushia utepe wa gundi ili wadudu wasiingie, nikauweka juu ya kabati ofisini. Moyoni nikasema, "Hapo pana usalama."

Palikuwa na mzee mmoja katika kanisa letu, seremala. Yeye ndiye aliyeongoza kazi ya kuezeka lile paa akiwa kijana. Tangu siku ile kila tulipokutana mlangoni baada ya ibada aliniuliza, "Mchungaji, zile picha za mkebe tutaziona lini?" Nami nilimjibu, "Tutaziona, mzee, tutaziona." Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza, akacheka, akachukua fimbo yake akaenda. Mwaka 2020 mzee huyo alilala katika Bwana. Mimi mwenyewe niliendesha ibada ya mazishi, na nilisimulia habari za paa lile mbele ya watu wote. Mkebe ulikuwa juu ya kabati.

Miaka mitatu baadaye, wakati wa Krismasi, mjukuu wake anayefanya kazi ya picha Nairobi alikuja nyumbani likizo. Akaja ofisini kwangu akasema, "Mchungaji, babu alikuwa akiutaja mkebe fulani." Nikapanda juu ya stuli, nikautoa, nikapangusa vumbi, tukakata ule utepe. Tulipoinua kifuniko, ofisi nzima ilijaa harufu ya siki, kali kama ya mtu aliyevunja chupa jikoni. Kijana yule akatikisa kichwa. Akaniambia, "Mchungaji, filamu zikinuka hivi zinaoza."

Akanieleza, na maelezo yake ni mazuri kwetu sote kuyajua. Filamu ile ni utepe mwembamba wa plastiki, upana wake milimita 8. Ni ya namna iliyoanza kuuzwa mwaka 1965 kwa watu wa kupiga sinema nyumbani. Riili moja ndogo ina urefu wa futi 50, yaani mita 15 hivi, na katika urefu huo mna picha 3,600, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole. Projekta huzipitisha picha 18 kila sekunde, na jicho letu huona mtu anatembea. Riili nzima huisha kwa dakika tatu na sekunde ishirini. Basi plastiki ya namna ile, ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, huanza kuvunjika yenyewe, na katika kuvunjika hutoa asidi ileile iliyomo katika siki. Asidi hiyo ikikosa mahali pa kutokea huzidi kuila filamu yenyewe, na mvuke wake huambukiza zile zilizo jirani.

Ndugu msikilizaji, mnajua mchana wa Kakamega chini ya mabati, na mnajua mvua yetu. Miaka kumi na miwili niliziweka filamu zile katika joto na unyevu, na ule utepe wa gundi niliozungusha kwa mikono yangu ndio uliouzuia ule mvuke mkali usitoke. Nilidhani nazilinda. Kumbe nilikuwa nazichoma polepole.

Riili nne zilikuwa zimeanza tu kujikunja. Lakini ile ya tano, siku ya kuweka kanisa wakfu, ilikuwa imeshikana kama donge la sukari guru. Haikufunguka, na hata leo haijafunguka.

Kijana alizitenga zile nne na ile iliyoharibika, akazichukua kwenda Nairobi. Hakuzitia katika projekta ya zamani, maana filamu iliyozeeka husinyaa, na meno ya projekta huweza kurarua vitundu vilivyo pembeni. Alizisafisha taratibu kwa kitambaa laini na dawa yake, akaunga palipokatika, kisha akazipitisha katika mashine iitwayo skana. Mashine hiyo haivuti kwa nguvu. Huisogeza filamu polepole, husimama juu ya kila kipicha, hukimulika na kukinakili, kisha husogea kwa kingine. Kwa riili nne hizo ni picha zaidi ya 14,000, na hakuna hata moja iliyorukwa. Baadaye kompyuta ilizipanga kwa mwendo wake, zikawa faili za dijitali ambazo leo unaweza kuzitazama hata katika simu.

Wala msidhani kwamba ni sisi peke yetu tuliochelewa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, palikuwa na kazi ya kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika. Iliongozwa na Meja Notcutt pamoja na Bwana Latham. Nyuma ya kazi ile walikuwapo watu wa Baraza la Kimataifa la Misheni, yaani Waprotestanti kama sisi, na fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu kama 35, za kilimo, za afya, za kuweka akiba, na wengi wa waigizaji wake walikuwa watu wa Afrika Mashariki. Zilizungushwa kwa gari na kuonyeshwa katika nchi zetu hizi. Leo, katika filamu zile zote, zinazojulikana kubaki ni tatu tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Zile nyingine ziko wapi? Nyuso za watu wale, mashamba yao, mwendo wao, vicheko vyao, vimekwenda. Watu walioanza kazi ile walikuwa na nia njema. Nia njema peke yake haitunzi kitu.

Sasa nirudi nyumbani. Jumapili moja jioni, mwaka 2024, tulitundika shuka nyeupe mbele ya kanisa, tukafunga madirisha, kijana akawasha mashine yake. Kanisa lilijaa hadi nje. Katika kiti cha mbele tulimkalisha mjane wa yule seremala, mama ambaye watoto wote wa kanisa humwita Kukhu. Macho yake bado yanaona, Mungu ashukuriwe.

Filamu zile hazina sauti. Basi palikuwa kimya. Tuliona shimo la msingi na vijana wenye majembe. Tuliona kwaya ikiimba, vinywa vikifunguka na kufumba, wala hatukujua ni wimbo gani. Kisha tukaona paa, na ngazi, na juu ya ngazi kijana mwembamba mwenye nyundo, misumari ameishika kwa midomo kama maseremala wanavyofanya. Akageuka akaona kamera. Akaitoa misumari mdomoni, akacheka. Ndipo Kukhu akaliita jina lake, lile jina la ujana, ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Hakulia. Aliliita tu, kama mtu amwitaye mwenzake aliye ng'ambo ya shamba. Mjukuu alikuwa nyuma ya mashine, na niliona mkono wake ukitetemeka.

Nilikuwa nimekaa karibu na mama yule, na swali la marehemu lilinijia masikioni: "Mchungaji, tutaziona lini?" Kumbe angeziona. Miaka tisa alikuwa hai, na mkebe upo, na mimi nipo.

Kisha ikaja ile riili ya wanawake. Ni msururu wa akina mama wanaopanda kutoka mtoni, wengine na mawe vichwani, wengine na mitungi ya maji ya kukorogea saruji. Wanapita mmoja mmoja mbele ya kamera. Mmoja amebeba mtoto mgongoni na jiwe kichwani. Vijana wetu wakaanza kunong'onezana: "Ni nani hawa?" Hakuna aliyejua. Ukutani mwa kanisa letu pana jiwe lenye maandishi ya mwaka 1967, na juu yake yamechongwa majina ya mmisionari na ya kamati ya ujenzi. Yote ni majina ya wanaume. Nimelisoma jiwe lile kila Jumapili, wala sikuwahi kuuliza mawe ya ukuta ule yaliletwa na nani.

Kukhu akainua mkono akasema, "Simamisha hapo." Kijana akasimamisha. Mama akaanza kutaja. Huyu ni fulani, aliolewa kule bondeni. Huyu alikuwa mfinyanzi, mtungi huo ni wake mwenyewe. Huyu alikuja kila siku ingawa mumewe hakutaka. Huyu mwenye mtoto mgongoni, mtoto huyo ndiye fulani, na fulani alikuwa amekaa pale safu ya tatu, mzee wa mvi sasa, hakuwahi kuiona sura ya mama yake akiwa kijana. Alisimama, akavua kofia.

Akina mama katika filamu ile ni kumi na tisa. Kukhu aliwataja kumi na wanne. Kwa wale watano waliobaki alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hawa walitoka upande wa pili wa mto, kwao mzee wangu. Yeye angewajua."

Wapendwa, neno hilo lilinichoma. Nilimwendea baada ya ibada nikamwomba msamaha, yeye na marehemu mumewe. Akanishika mkono akasema, "Mchungaji, ya mzee yamekwisha. Kalete kalamu uandike haya yangu kabla nami sijaondoka."

Neno la kwanza ninalotaka tulichukue asubuhi ya leo ni hili: kuficha si kutunza. Mnamkumbuka yule mtumwa katika Mathayo 25, aliyepewa talanta moja akaichimbia shimo. Hakuiiba. Hakuila. Aliilinda, kwa jinsi alivyofikiri yeye, na siku ya hesabu aliitoa akidhani amefanya vema. Mimi ni mtumwa yule. Nilipokea kitu cha watu wengi, nikakichimbia shimo juu ya kabati. Na wengi wetu tunayo mashimo ya namna hiyo. Kuna shukrani ambayo hatujamwambia mtu. Kuna msamaha tunaousubirisha mpaka siku inayofaa. Kuna ushuhuda wa jinsi Bwana alivyotuvusha, ambao watoto wetu hawajausikia. Tunasema, "Upo, uko salama moyoni." Lakini kitu kilichofungwa hakikai kama kilivyokuwa. Huanza kuoza, na harufu yake hufika kwa walio jirani.

Neno la pili: mashine haina ulimi. Skana ile ilitupa picha 14,000 wala haikutupa jina hata moja. Majina yalikuwa katika kichwa cha bibi mmoja wa mvi. Leo tunavyo vyombo vingi vya kutunza, na tumshukuru Mungu kwa vyombo hivyo, lakini chombo ni kama yale mawe ya Gilgali. Mtoto atauliza, na mzazi ndiye atakayejibu. Na mzazi asipokuwapo, je?

Kwa hiyo nawapeni kazi, hasa ninyi vijana. Tangu Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole wa Kanisa la Marafiki walipofika Kaimosi mwaka 1902, na baada yao misheni za Kima, Butere na Nyang'ori, wageni wengi wamepita huku na kamera zao, na hata walimu na wafanyabiashara wetu wenyewe walinunua kamera baadaye. Angalia katika sanduku la mama, katika stoo ya kanisa. Ukikuta filamu, usiivute kwa nguvu, wala usiitie katika mashine kuukuu ili ujaribu. Inuse. Ikinuka siki, itenge na nyingine, uiweke mahali pa baridi, pakavu, penye hewa, umtafute mtu anayeijua kazi hiyo mapema. Ikishanakiliwa, usiitupe ile ya asili. Na faili nazo si mwamba. Simu huibiwa, diski hufa bila kuaga. Weka nakala tatu, na moja kati ya hizo iwe katika nyumba nyingine kabisa. Kisha, na hili ndilo kubwa, mkalishe bibi au babu mbele ya picha, uwe na daftari, na uandike majina. Usingoje Krismasi.

Neno la tatu ni la faraja. Yesu alitufundisha kwamba hazina za duniani huliwa na nondo na kutu, nami naongeza kwa unyenyekevu, na siki. Ile riili ya tano imekwenda. Wale akina mama watano hatuna jina lao. Je, wamepotea? Hapana. Nabii Malaki, sura ya tatu, anatueleza habari za kitabu cha kumbukumbu kilichoandikwa mbele za Bwana kwa ajili yao wamchao. Na katika Yohana 10 tunasoma kwamba Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Yeye hahitaji kusimamisha picha. Aliwaona walipopanda kutoka mtoni siku ile, na uzito wa kila jiwe aujua. Mimi niliyechelewa nategemea rehema yake, na wao waliosahauliwa wanatunzwa na kumbukumbu yake.

Chini ya lile jiwe la ukutani sasa tumetundika ubao. Juu yake tumeandika majina kumi na manne ya akina mama waliobeba mawe ya nyumba ile. Chini ya majina hayo tumeacha mistari mitano wazi. Wageni huuliza kwa nini ubao haujamalizika, na watoto wa shule ya Jumapili ndio wanaowajibu.

Msikilizaji mpendwa, nyumbani kwako kuna mzee gani anayekuuliza jambo kila mnapokutana, nawe unamjibu, "Tutaona"? Leo ukitoka hapo ulipo, nenda kwake.

Na tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, tunakushukuru kwa wote waliotutangulia, wanaojulikana na wasiojulikana, ambao kwa mikono yao tumepata mahali pa kukuabudu. Utusamehe tuliyoyaficha tukidhani tunayatunza, na yale tuliyoyachelewesha mpaka wenyewe wakaondoka. Wape wazee wetu siku na nguvu za kusimulia, na utupe sisi masikio ya kusikiliza. Wale ambao majina yao hatuyajui, wewe wayajua. Utufanye tayari kwa siku ile utakapotuita nasi kwa majina yetu. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.